Wilf Crabtree Havai Waridi Jekundu

Wilf Crabtree hajawahi kununua ua kwangu, na bado ndiye mteja wangu wa muda mrefu kuliko wote. Kila Jumamosi huingia sokoni hapa Todmorden, husimama mbele ya meza yangu mikono mgongoni kama mkaguzi wa serikali, hunusa ndoo moja baada ya nyingine, kisha hutoa hukumu. "Hili ni waridi au kabichi, Brenda?" Akishamaliza kuitukana mali yangu huhamia kwa jirani yangu, muuza jibini, kumweleza kwamba jibini lake limezeeka vibaya. Halafu hurudi nyumbani ameridhika. Wengine kwa haja hiyo huenda kanisani.

Ni fundi wa mabasi aliyestaafu, mgane, mwenye suti moja, koti moja la mvua na maoni yasiyohesabika. Nyuma ya reli amekodi kishamba cha halmashauri, na huko hupanda mawaridi meupe, meupe tu, kwa sababu jeupe ni ua la Yorkshire, jimbo letu hili la Uingereza. Jekundu ni la Lancashire, wale wa ng'ambo ya kilima. Enzi za wafalme watu walichinjana kwa ajili ya rangi hizo mbili. Siku hizi tumestaarabika, tunachukiana kwa njia ya kriketi. Mji wetu, kwa bahati, umekalia mpaka wenyewe: mpaka wa zamani ulipita chini ya ukumbi wa mji, na watu walikuwa wakicheza dansi humo mguu mmoja Yorkshire, mguu mwingine Lancashire. Wilf hakuwahi kucheza upande ule.

Mtu huyu akisema jambo, limesemwa. Aliwahi kugombana na kaka yake Percy juu ya mashine ya kukatia nyasi iliyorudishwa na kisu butu, akaapa hatamtazama tena usoni. Percy alipolazwa, Wilf alifika hadi kwenye geti la hospitali na zabibu zake ndani ya mfuko wa karatasi, kama inavyotakiwa kwa mgonjwa. Akasimama getini. Akasimama sana. Kisha akageuka na zabibu zake. Wiki ile ile Percy akazikwa, na zabibu nasikia Wilf alizila mwenyewe. Mjini wanamsifu kwamba ni mtu wa msimamo. Mimi mashada ya mazishi pia nauza, kwa hiyo huo msimamo huwa nauona unapofika mwisho wa safari.

Aliyebaki naye ni binti yake, Gillian, miaka arobaini na ushee, mwalimu wa kuogelea, mwenye taya la baba yake bila punguzo. Alikuja mezani kwangu na mchumba wake, Neville Entwistle, mtu mpole anayetengeneza boila za kupashia nyumba joto kule Bacup. Bacup iko karibu, lakini iko ng'ambo ya kilima.

"Ni harusi ndogo," Gillian akasema.

Nimezisikia harusi ndogo. Kwa kawaida ni harusi kubwa iliyopungukiwa na marafiki. Lakini hii ilikuwa ndogo kweli: watu kumi na wanne, msajili wa ndoa, kisha chakula baa.

"Nataka shada la kizamani. Waridi tupu, duara, limekazwa, mashina yamefungwa utepe. Sitaki majani marefu, sitaki manyoya, sitaki kitu kinachoning'inia."

"Na vile viua vyeupe vidogo vya kujazia?" Navipenda sana vile viua. Havina uzito wala maana, na faida yake ni tamu.

"Hapana."

"Vilulu kidogo kwenye utepe?"

"Dada Brenda, naenda kuolewa. Siendi kuuzwa."

Nikawapangia rangi mezani. Neville akashika la pinki, akamtazama Gillian, akalirudisha ndooni bila kuambiwa. Atakuwa mume mzuri huyo. Gillian aliyapita ya rangi ya maziwa, akayapita meupe, akainua jekundu lililokolea, lile la damu ya mzee. "Hili," akasema. Lilimkaa. Hata mimi, ambaye uzuri wa ua nauona pale linapotoka mezani, nililiona.

Tukaja kwenye maua ya kifuani. Waridi moja jekundu na jani moja la kijani kwa kila mtu, na kubwa zaidi kwa mama mkwe, ambaye alikuwa mmoja tu, mama wa Neville. Hapo lazima niseme kitu. Kwetu ua la kwenye koti si pambo, ni cheo. Mwenye ua ni wa familia, asiye nalo amekuja kula. Nimeona mashemeji waliokosana mwaka mzima kwa ua la bei ya mkate.

Neville akakohoa. "Na mzee je?"

"Mzee gani?"

"Baba yako. Maana hili... ni jekundu."

Gillian akalitazama ua kama ndiyo kwanza anaona lina rangi. Naapa hakuwa ameifikiria Lancashire hata kidogo. Alichagua jekundu kwa sababu waridi la harusi ni jekundu, basi. Na hapo hapo angeweza kubadili. Mimi ningebadili, na bei ningemfanyia ile ile. Lakini mtu wa ukoo wa Crabtree ukishamwonyesha sababu ya kurudi nyuma, umemfungia njia.

"Baba atavaa atakachopewa," akasema. "Asiyevaa hakai mbele."

Jumamosi Wilf alikuja asubuhi sana, hata ndoo sijajaza maji.

"Nimesikia."

"Umesikia nini, mzee Crabtree?"

"Usinizungushe. Nasikia mnataka kunipachika bendera ya Lancashire kifuani."

"Ni ua. Lina ukubwa wa yai."

"Hata lingekuwa na ukubwa wa kunguni! Nimeshawaambia wenzangu klabuni: jekundu halipandi koti hili."

Nikajua kazi imekwisha haribika. Angelisema kwangu tu, tungelipatana. Maneno ya sokoni hubadilika kutwa mara tatu. Lakini yeye alilisema klabu ya kriketi, mbele ya wazee ambao ajira yao iliyobaki ni kukumbuka.

"Niuzie jeupe," akasema. "Nalipa mwenyewe."

Wilf kulipa! Jirani yangu wa jibini aliacha kukata.

"Si unayo ya kwako shambani?"

"Mvua imeyaozesha."

"Basi chagua," nikamvutia sanduku. "Ila ujue, meupe haya na mekundu yale yamekuja pamoja kutoka Kenya. Ndege moja, sanduku moja. Yorkshire na Lancashire wamelala shuka moja safari nzima na hakuna aliyempiga mwenzake teke."

"Kenya?" Akaliachia lile jeupe kama limemng'ata. "Kumbe hata jeupe lako ni la uongo!"

"Linanukia sawasawa. Tena Gillian amesema hataki jeupe mstari wa mbele."

"Basi siendi. Mwambie siendi."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nauza maua, sisambazi barua."

Hakwenda kwa muuza jibini siku hiyo. Alitoka mikono mgongoni, na mgongo wenyewe nikaufahamu. Ndio ule wa getini hospitali.

Nilijaribu, tusije tukasema sikujaribu. Shada lililoagizwa kwa harusi yenye ugomvi lina hatari ya kufutwa, na mimi waridi nikishalinunua siwezi kulirudisha Kenya. Nikampigia Gillian, nikamwambia tuchanganye, mekundu na meupe, kila mtu apate lake. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa shangazi yake, Edna, dada yake Wilf, aliyekuwa muuguzi maisha yake yote. Alikuwa amekaa karibu na simu.

"Damu na bandeji!" nilimsikia. "Jekundu na jeupe chombo kimoja? Wodini tulikuwa tunayatoa mbio kabla mgonjwa hajafumbua macho. Mwulize Brenda anataka afe nani, bwana harusi?"

"Pinki basi," nikasema.

"Pinki ni nyekundu iliyoogopa," Gillian akajibu. "Dada Brenda, fanya nilichoagiza. Asipokuja, hakuja. Atajua mwenyewe, na mimi nitajua." Akakata. Hakulia; kwao kulia ni kama kununua gari jipya, hufanywa mara moja katika maisha, tena baada ya kufikiri sana. Lakini nilielewa kwamba Wilf akishindwa kuja siku ile, huyu binti naye hatakanyaga kwake tena. Percy wa pili, na safari hii anayeachwa getini ni binti.

Siku ya siku nilipeleka maua ukumbini mwenyewe, kwa sababu sijapata kumwona mtu wa huku anayejua kubandika ua la koti. Watalichoma pini kwa mbele kama tangazo la mbwa aliyepotea. Pini hupita nyuma ya kola, shina chini, isionekane. Nikawabandika mmoja mmoja. Bi Entwistle, mama wa Neville, alipokea lake kubwa kama jenerali anayepokea nishani.

"Rangi nzuri," akasema. "Naona Todmorden mmepata akili."

Shangazi Edna alivuta pumzi kwa pua. Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alitukumbusha kwamba kuna maharusi wengine wanasubiri chini. Gillian alikuwa amesimama na shada lake, mgongo umenyooka, macho kwenye mlango. Kiti cha mbele upande wake kilikuwa kitupu. Ndani ya boksi langu lilibaki ua moja.

"Anzeni tu," akasema Gillian.

Nikachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha basi, alisimama Wilf ndani ya suti yake, viatu vinametameta, mikono mgongoni. Kifua kitupu.

Mimi si mpatanishi. Ila ua lililobaki kwenye boksi ni kasoro katika kazi yangu, na kasoro huwa inanikera. Nikashuka.

"Umeachwa na basi, mzee Crabtree?"

"Nasubiri mvua iishe."

Jua lilikuwa linawaka, jambo ambalo hapa kwetu hata gazeti hulitaja.

"Sivai," akasema.

"Sijakwambia uvae."

"Hilo mkononi ni nini?"

Nikalitia mfukoni. "Hakuna. Nimeshuka kupunga hewa. Huko juu Bi Entwistle ameshajipanga, mambo yanakwenda."

"Amejipanga nini?"

"Kushika shada. Bibi harusi atavishwaje pete na kutia saini amekumbatia maua? Harusi ndogo, hakuna wasimamizi. Kwa hiyo Bi Entwistle anahamia kile kiti cha mbele, upande wa mwanao. Amekwisha omba."

Hakuwa ameomba chochote, maskini. Lakini biashara yangu yote nimeijenga juu ya elimu hiyo moja: mtu akikidharau kitu chako, usikisifu, mwambie kuna mwingine anakitaka.

Wilf aligeuka akautazama ukumbi. Kisha akasema, polepole, "Kile ni kiti cha Jean."

Jean alikuwa mkewe, mama wa Gillian.

"Ni kiti cha mbele," nikasema. "Na kipo kimoja."

"Mwanamke wa Bacup. Kwenye kiti cha Jean."

"Na picha watapiga."

Alivuka barabara bila kutazama. Gari la maziwa likapiga honi, akalitishia ngumi, akapanda ngazi za ukumbi mbili mbili na magoti yake yale.

Nilipofika juu nikihema, mlango ulikuwa wazi na msajili amekatizwa katikati ya sentensi. Watu wote walikuwa wanatazama kitu kimoja, ile kola ya koti isiyo na ua. Gillian naye aliitazama. Sheria aliiweka mwenyewe, na mashahidi tulikuwepo.

"Nilisema sivai," Wilf akasema.

"Naona," Gillian akasema.

"Lakini hakuna aliyesema nisishike."

Akanyoosha mikono yote miwili. Kwa bahati mbaya ya Bi Entwistle, naye wakati huo huo aliinuka kusaidia, kwa wema wake tu, hajui lolote.

"Keti, mama," Wilf akamwambia. "Kazi hii ina mwenyewe."

Gillian aliitazama mikono ile. Taya likafanya kama linataka kusema neno, likaliacha. Akamkabidhi shada.

Basi yule aliyekataa waridi moja jekundu lenye ukubwa wa yai akasimama mbele ya Todmorden nzima na rundo zima mikononi, amelishika kama mtoto wa jirani aliyelowa, maji ya mashina yakimtiririkia kwenye suti yake ya pekee. Pete zikavishwa. Saini zikatiwa. Akaketi kiti cha Jean na hakusogea. Mpiga picha akampiga, akampiga tena, na hakuna aliyekuwa mjinga wa kumwambia atabasamu.

Baa, walipogawa pai na njegere, alikuwa bado nalo magotini. Hakutaka liwekwe mezani karibu na mchuzi. Alikaa ubavuni kwa binti yake, akaniita kwa kidole.

"Brenda. Nilisema sitavaa."

"Ulisema."

"Nimevaa?"

"Hujavaa, mzee."

"Wakikuuliza wale wa klabu, sema hivyo hivyo."

"Baba," Gillian akasema bila kugeuka, "kula, njegere zinapoa."

Akala kwa mkono mmoja.