Baba Mdogo Anataka Kuitwa Chui

Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, baba mdogo Sospeter huzunguka maghorofa yetu ya Vickery Meadow, huku ughaibuni, na mfuko wa mchele mgongoni. Anajizoeza mzigo, maana anataka kutembea ile njia ndefu ya milimani inayokula miezi. Miguu bado haijawa tayari, ila jina la njiani, lile la utani ambalo watembeaji huitana huko, analo: Chui. Kalichapisha kwenye fulana.

Jumamosi tulijiunga na Watanzania wanaotembea porini. Anayewaongoza ni dada Apolonia, nesi, ambaye njia ile kaimaliza. Huko walimwita Kigingi, kwa sababu alisahau kijiko akala uji kwa kigingi cha hema.

"Kaka, jina hujipi mwenyewe," alimwambia baba mdogo alipoiona fulana. "Unafanya jambo, wenzako wanakupa."

"Basi nipeni Chui."

"Chui kafanya nini?"

Tulipopumzika, baba mdogo alifungua begi atafute maji. Ikatangulia kutoka pasi ya umeme, na waya wake.

"Mtu mzima hatembei na suruali iliyokunjamana," alisema.

"Utaichomeka wapi, shemeji, kwenye mti?" mmoja akauliza.

"Haya, karibu kundini, Pasi," alisema Apolonia.

Wote wakaitikia Pasi. Hata mimi.

Baba mdogo akatangaza kwamba hatembei na watu wasio na adabu.

"Sawa, Pasi," wakamjibu.

Akafunga begi, akashika njia ya kurudi kwenye magari. Tulimngoja mpaka chai ikaisha kwenye chupa. Hakurudi, wala Jumamosi zilizofuata.