Yaya Yangu Ndani ya Wimbo

Nilikuwa nimeahidi watu wimbo mpya kila mwezi, na hakuna aliyenilazimisha. Sina kampuni wala meneja. Nina kinanda cha zamani, simu, na chumba cha nyuma hapa Likasi ambamo siwezi kurekodi mvua ikipiga mabati. Nikimaliza wimbo, nauweka mwenyewe kwenye mtandao. Mwanzoni nyimbo zilitoka bila taabu. Baadaye kichwa kilikauka, na mwisho wa mwezi ukaanza kunitisha. Nikawa nasikiliza watu vibaya: mtu akinieleza shida yake, namhurumia kweli, huku natafuta kiitikio.

Siku moja nilikuwa kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa, namsaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo, huku yeye anasonga bukari. Mume wake, dereva wa lori, yuko gereza la Buluo. Walimkamata njia ya Kambove kwa magunia ya madini yaliyofichwa chini ya mizigo. Mwenye magunia alitoweka, na kesi mpaka leo haijasikilizwa. Kila Jumapili yaya humpelekea chakula.

"Nikienda kule navaa kama siku ya ndoa," aliniambia. "Napaka na midomo. Namwambia batoto beko banasoma, nyumba iko muzuri."

"Na yeye anaamini?"

"Anaamini, anacheka. Akijua tuliuzisha kitanda, akijua mutoto mukubwa aliacha masomo, atakufia mule ndani."

Akajipangusa macho kwa kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vilikuwa na unga. Nikamwambia pole. Kabla sijafika kwangu, nilikuwa tayari na melodia.

Sikutaja jina la mtu wala la mahali. Lakini kitanda nilikiacha humo, na mtoto aliyeacha shule, na midomo iliyopakwa rangi, maana bila hivyo wimbo haukuwa na kitu. Ulipendwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Vijana wa pikipiki waliupiga, mama wauza nyanya waliuimba. Yaya mwenyewe sikumwambia. Simu yake ni ndogo, haichezi muziki. Nikajipa moyo kwamba hatausikia.

Jumapili moja mchana akaingia kwangu na sufuria ikiwa imejaa bado. Akaiweka juu ya meza.

"Weye uliimba kitanda yangu," alisema.

Nikamvutia kiti.

"Mulinzi mumoja iko na ule wimbo mu telefone. Banaume bote kule banaimba. Bwana yangu alisikia kitanda, alisikia mutoto, akajua ni shiye, ni nyumba yetu. Alisema nirudishe chakula, nibape batoto. Alisema nisikuye tena kule kumudanganya."

"Yaya, sikutaja jina."

"Jina haiko siri. Siri ilikuwa kitanda."

Akatoka bila kukaa. Niliufuta wimbo jioni ile ile, lakini ulishaingia kwenye simu za watu, na huko mkono wangu haufiki.

Jumapili iliyofuata nilimwomba aniachie mimi nipeleke chakula. Alinipa sufuria. Pale mlangoni Buluo, mlinzi aliyepekua mfuko wangu alikuwa anaimba kiitikio changu chini chini, na kabla ya aibu nilisikia furaha. Kidogo tu, lakini niliisikia. Mambo mengine ya siku ile naweza kuyaeleza kwa mtu. Hilo bado linanishinda.

Shemeji alikuja, amekonda, shati limefuliwa vizuri. Akanitazama, akasema, "Uliimba muzuri."

Afadhali angenitukana.

"Shemeji, unisamehe. Yaya alifanya vile juu ya kukulinda. Mubaya ni minye, si yeye."

"Najua alikuwa ananilinda. Hata minye namudanganyaka. Namwambiaka nalala muzuri." Kisha akauliza, "Mutoto mukubwa anafanya nini sasa?"

Nikamweleza: anauza makaa na jirani, anakohoa vumbi, anasema atarudi shule. Akalia bila kujificha, na wafungwa wengine wakageuza nyuso ukutani. Alipotulia akapokea sufuria.

"Umwambie akuye huku," alisema. "Akuye tu vile iko."

Yaya alienda. Nasikia sasa wanaambiana kila kitu, na kwamba ni yeye shemeji aliyewaza mtoto apelekwe kwa shangazi yake kule Kapolowe, ambako amerudi darasani. Mama yetu anasema Mungu alipitia wimbo wangu. Watu wa kwaya yake wanasema vilevile. Mimi nakubali kwa kichwa tu. Ukweli ule ulikuwa wa yaya, autoe siku anayotaka yeye, au asiutoe kabisa. Nilimpokonya kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha.

Bado natoa nyimbo. Za karibuni ni za mapenzi ya watu wasiokuwepo, na wasikilizaji wananiandikia: ile nyingine ilikuwa na moyo, tupe kama ile.

Kwa yaya naenda bado. Ananipa kiti, tunaongea juu ya mvua, juu ya umeme uliokatika, juu ya bei ya unga. Juzi nikajaribu: "Yaya, namna gani ku Buluo?"

Aliangalia kwanza mikono yangu, kama anatafuta simu inayorekodi.

"Tuko," akajibu kama anavyomjibu jirani yeyote, akarudi kwenye bukari yake.