Sahani ya Dola Nane Njia Panda ya Kisima Chekundu

Katika barabara yote ya nchi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, kutoka Page mpaka Kayenta, hakuna anayejua mahali pa kula vizuri kwa pesa kidogo kumshinda mwandishi wa makala haya. Ukweli ni kwamba anapajua mahali pamoja tu, na alipajua kwa sababu gari lilimzimikia hapo hapo.

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumanne, Earlene Manygoats amepiga magoti kwenye mchanga wa njia panda ya Kisima Chekundu, anapuliza moto wa kuni za mreteni. Skafu nyekundu shingoni, sweta ya mumewe mwilini. Juu ya meza kuna beseni la mbavu za kondoo waliochinjwa jana jioni, na beseni la pili limefunikwa kitambaa. Humo mna unga uliokandwa, na ole wake atakayeufunua kabla ya wakati.

"Unga unataka kulala kama mtu mzima," anasema bila kugeuka. "Ukiuamsha mapema, unanuna."

Magari ya kwanza huanza kupita saa kumi na mbili. Ni watu wa safari za hifadhi: wametoka kwenye korongo kubwa, wanakwenda kwenye minara ya mawe, wengine watavuka hadi Utah kuona matao. Wamelipia petroli, wamelipia kiingilio, wamelipia kitanda. Chakula ndicho wanachojaribu kubana.

Kwa Earlene, sahani ni dola nane. Unapata mbavu mbili za kondoo zilizochomwa, pilipili kubwa ya kijani iliyobabuliwa, na mkate wa kukaanga ulio mpana kuliko uso wako, kama andazi lililokataa kujikunja. Chai ya majani ya porini haina bei. Mjini, saladi yenye mtu wa kuimwagia mchuzi ni dola ishirini na mbili.

Bei hiyo ya mjini Earlene anaijua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiikatakata saladi yenyewe. Alifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Page kwa miaka kumi na tisa.

"Siku moja nilitoka nje kumwaga takataka," anasimulia. "Nikaona baba, mama na watoto watatu ndani ya gari, wanakula biskuti kwa chakula cha jioni. Wameendesha siku mbili waje waone mawe yetu, halafu wanakula biskuti. Niliona aibu utadhani nimewaalika mimi."

Mwaka uliofuata mtambo wa umeme alikokuwa akifanya kazi mumewe, Harrison, ulifungwa. Earlene naye akaacha hoteli. Walichukua meza moja, karai moja na kondoo wao wenyewe, wakaenda kukaa njia panda. Siku ya kwanza waliuza sahani nne, na mbili kati ya hizo alizila Harrison.

Leo wakati wa kiangazi huuza sahani arobaini kwa siku. Majira ya baridi huwa tano, au theluji ikishuka, hakuna. Maji huyachota kilomita arobaini na mbili kutoka hapo, mapipa mawili nyuma ya gari, mara tatu kwa wiki.

Hapo ndipo linapoingia jengo. Ng'ambo ya barabara kuna duka la kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Lina paa, lina kuta nne, na ndani yake lina bomba. Ofisi ya kijiji iko tayari kumkodishia Earlene, kwa sharti moja: aonyeshe kuwa ana wateja wa uhakika, si wapita njia tu. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo litapewa mtu anayetaka kuuza fulana.

Ndiyo maana Jumanne hii ina uzito. Saa nane mchana anategemea basi la walimu wastaafu thelathini na tano kutoka Iowa. Dereva, Gus Pacheco, ndiye aliyemwombea nafasi kwa kampuni yake. Walimu wakila wakaridhika, basi litasimama hapa kila Jumanne hadi Oktoba, kwa maandishi. Wasiporidhika, mabasi yataendelea kuwapeleka watu kwenye baga.

"Baga ile naijua," anasema Philomena Tohonnie, anayeuza shanga kwenye meza ya jirani. "Hata mbwa wangu huinusa kwanza."

Philomena ni binamu yake Earlene, mtoto wa shangazi, na kwa Wanavajo binamu wa namna hiyo ni mtani. Ana ruhusa ya kusema lolote, naye haipotezi bure ruhusa hiyo.

"Binamu, leo umechana nywele," anamwambia Earlene. "Ama ni upepo?"

"Upepo umepita kwako kwanza ukakata tamaa," anajibu Earlene.

Mbavu hazichomwi mapema. Hilo ndilo jambo ambalo Earlene hana mzaha nalo. "Mafuta ya kondoo hayana subira," anaeleza. "Nyama ikitoka motoni, dakika kumi tu yanaganda, na wewe unatafuna mshumaa. Nyama inamsubiri mgeni ikiwa mbichi, mgeni anaisubiri kidogo tu, wanakutana." Kwa hiyo hesabu yake ni hii: kuni za mchana ziwashwe saa saba kasoro robo, makaa yawe tayari saa saba na nusu, nyama ipande, na saa nane kamili mtu ashike sahani.

Saa saba kamili, basi jeupe linapinda kutoka barabara kuu na kusimama mbele ya meza.

Kuni bado zinatoa moshi. Mbavu zimelala kwenye beseni na chumvi yake. Walimu wanaanza kushuka mmoja mmoja, wakiwa na kofia pana na njaa inayoonekana kwa mbali.

"Binamu," Philomena anasema taratibu, "wageni wako wamefika. Kondoo wako bado anafikiria."

Earlene anamgeukia mumewe. "Harrison. Gus alipopiga simu alisema saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa saba ya nani?"

Harrison anaangalia mlima.

Asiyeishi hapa atashangaa swali hilo, lakini hapa huulizwa kuliko salamu. Kiangazi kikiingia, nchi ya Wanavajo husogeza saa mbele kwa saa moja, na jimbo la Arizona linaloizunguka halisogezi. Page ikiwa saa sita, Kisima Chekundu ni saa saba. Watu wamekosa harusi kwa ajili hiyo, na wengine wameitumia kukosa harusi.

"Nilijua anatoka Page," Harrison anasema. "Nikamwongezea saa moja, kwa heshima."

"Na yeye?"

"Sasa naona na yeye alikuwa ameshaongeza."

"Kwa heshima," anadakia Philomena.

Gus, mtu mnene mwenye miaka ishirini na miwili katika barabara hizi, anamsogelea Earlene na kushusha sauti. "Mama, hawa wamekunywa uji saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane na nusu lazima tuwe barabarani. Wakikaa nusu saa mikono mitupu, wataniambia niwapeleke mjini, na kiongozi wao ndiye atakayeandika ripoti."

Kiongozi wao ni Bi Marjorie Lindgren, aliyefundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na nane. Ana daftari dogo la kijani na tayari ameangalia saa yake mara mbili.

Earlene anatazama moto, anatazama mbavu, anatazama watu thelathini na tano. Kisha anajifuta mikono, anapanda juu ya kreti ya soda na kuondoa kitambaa kwenye beseni la unga.

"Karibuni," anasema. "Kwetu sisi, mgeni anayekuja mara ya kwanza hupiga mkate wake mwenyewe. Ni desturi ya tangu bibi wa bibi yangu. Asiyepiga unga, hajafika. Naweni mikono pale."

Philomena anapaliwa na chai. Mwandishi wa makala haya ameizunguka nchi hii miaka arobaini na moja na hajawahi kuisikia desturi hiyo, lakini alinawa kama wengine.

Ndipo inapoonekana kazi. Earlene anamega donge, analirusha kutoka kiganja hadi kiganja, paa, paa, paa, na kwa mapigo kumi na mawili donge limekuwa duara jembamba lenye tundu dogo katikati. Halitazami, anazungumza na watu huku mikono ikijiendea. Walimu wanajipanga. Anapita nyuma yao kama wao walivyokuwa wakipita nyuma ya watoto wa watu.

"Usiukande, upige. Hujaukasirikia, uamshe tu."

"Wangu umekuwa na pembe," analalamika mwalimu wa hesabu.

"Mafuta hayajui hesabu, baba. Weka."

Mzee mmoja mrefu, Bwana Vernon, anaangusha donge lake juu ya kiatu. "Huyo ameilisha ardhi kwanza," Philomena anatangaza. "Mpeni jingine, ana adabu."

Wanacheka. Wanaonyeshana. Hakuna aliyeangalia saa tena. Harrison, kwa dhambi zake, anasimamia karai la mafuta jasho likimtiririka, na nyuma ya migongo yao kuni zinakatika, makaa yanaiva mekundu, na mbavu thelathini za mwanzo zinapanda. Harufu inapovuka meza, vichwa vyote vinageuka.

Saa nane kasoro dakika tano, kila mtu ana sahani mkononi na mkate alioupiga mwenyewe, wenye pembe au usio na pembe. Mafuta yanachuruzika mpaka kwenye viwiko. Wanaguguna mpaka kwenye mfupa.

"Siku tisa tuko njiani," Bwana Vernon anasema hatimaye. "Nimeona maajabu sita na nimekula sandwichi kumi na nane. Hiki ndicho chakula cha kwanza."

Earlene anageukia meza. Anajifanya kupanga chumvi. Lakini ukimtazama mabegani utaona amekuwa mrefu kidogo.

Baadaye Gus anatoka pembeni na simu. Hazunguki: kiongozi wao amekisifu chakula kwa simu, kampuni imekubali, kila Jumanne hadi mwisho wa Oktoba, na barua kwa ofisi ya kijiji itaandikwa kesho. "Safari ijayo," anaongeza, "tutumie saa ya kwenu tu, na mtu asiongeze kitu kwa heshima."

Earlene anavuka barabara peke yake, anakwenda kuchungulia dirisha la duka lililofungwa. Anarudi na vumbi puani.

"Karai nitaliweka kushoto, karibu na mlango, moshi utoke," anasema. "Bomba liko kulia. Nikifungua maji nitayaacha yamwagike kidogo siku ya kwanza, nione tu. Na bei itabaki dola nane. Wataniambia nina paa sasa, nipandishe. Paa haliliwi. Watu wakija kuona mawe yetu, wale chakula chetu, wakae, washibe. Binti yangu yuko Phoenix anapika kwa wengine; atarudi apike kwao."

Kabla ya kuondoka, Bi Marjorie anafungua daftari la kijani. Anataka kuiandika desturi ya unga kwenye ripoti, ili mabasi yanayokuja yaelezwe mapema. Anamsogelea mama yake Earlene, Bi Desbah, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye mchana kutwa ameketi kwenye kiti cha turubai akila ubavu wake bila neno. Anachuchumaa mbele yake.

"Tafadhali mwulize mama," anamwambia Earlene. "Alipokuwa msichana, wageni walikuwa wakipigishwa unga vivyo hivyo?"

Earlene anauliza kwa Kinavajo, kwa haraka kidogo. Bi Desbah anajibu kwa kirefu, akiwaonyesha walimu kwa kubinua midomo badala ya kidole.

"Anasema ndiyo," Earlene anatafsiri. "Anasema zamani ilikuwa kali zaidi. Hata wazee hawakusamehewa."

Bi Marjorie anaandika yote hayo na kupigia mstari neno "wazee".

Bi Desbah alisoma shule ya bweni ya serikali kwa miaka saba, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza. Anaweka mfupa kwenye sahani, anajifuta midomo kwa ncha ya shali.

"Sikusema hivyo," anasema kwa Kiingereza kilichonyooka, cha darasani. "Nimemwuliza binti yangu watu hawa wazima wamekosa nini, mpaka wakafanyishwa kazi kabla ya kula."

Kalamu ya Bi Marjorie inasimama. Earlene ameshainama chini ya meza, anatafuta kitu ambacho hakikuwapo.