Mafuta ya Transfoma Niliyoyamwaga Hedaru

Siku ile ya Hedaru naikumbuka, mwanangu, na hadi leo uso unanishuka.

Ilikuwa miaka ya shida, sukari ya kupanga foleni. Nilikuwa fundi kijana kwenye kituo cha umeme pale Same. Mafuta ya transfoma yetu kubwa yalikuwa yameonekana na asetilini, na gesi hiyo ukiiona, ujue ndani kuna cheche. Mkubwa wangu, Mzee Elinaza, alitaka kipimo cha pili, ajue kama inaongezeka. Akavuta mafuta mwenyewe kwa bomba la sindano la kioo, tulilokuwa nalo moja tu, akalifunga lisiingize hewa, akanituma maabara Dar es Salaam.

Basi liliposimama Hedaru, nikainuka kwa pupa kununua vitunguu dirishani. Bomba likaanguka, likavunjika. Mafuta kidogo yaliyosalia nikayamimina kwenye chupa ya soda, nikaziba kwa nailoni. Njia nzima yakatikisika, gesi ikayatoka. Nikayakabidhi maabara hivyohivyo, na niliporudi Same nikasema bomba limevunjikia maabara.

Majibu yalipofika, Mzee Elinaza alikunja uso.

"Asetilini imepungua. Mafuta hatujayasafisha, sasa imekwenda wapi? Kijana, sampuli ilifika salama?"

"Ilifika salama, mzee."

Akaniamini, mwanangu! Alikuwa amepanga kuizima transfoma. Akaiacha iendelee, maana hospitali ya misheni iliitegemea. Wiki ya pili ikapasuka mchana, naye akiwa kando yake.

Nilimkuta wodini, mikono yote imefungwa bendeji, mkewe akimlisha uji. Nikamweleza yote huku nalia. Akamwashiria mkewe kwa kichwa aweke uji chini.

"Bomba ningekusamehe siku ileile," akasema. "Ningetafuta jingine, hata Moshi."

Hakushika tena bisibisi. Kila nilipomsalimia shikamoo alinijibu marahaba kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Basi wewe unayesoma majibu ya gesi kwenye kompyuta, usiridhike na namba moja. Ilinganishe na ya nyuma. Gesi ikipungua na mafuta hayajaguswa, usishangilie. Uliza nani aliyabeba, na aliyabebaje. Na kama ni wewe umeyaharibu, sema leo.

Mungu akulinde, mwanangu. Akujalie kuwaomba radhi wakubwa zako wakiwa bado wanaweza kukupa mkono.