Sauti Mpya ya Jasusi

Kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi ya mapokezi, wagonjwa wa rika lake walikuwa na kawaida moja. Akiita mgonjwa mmoja, wote waliokaa wameshika mashavu huinua vichwa. "Hii sauti naijua," mtu angesema, naye angetabasamu tu na kuendelea na kazi.

Ujanani ndiye aliyemwingizia sauti ya Kiswahili yule jasusi wa kike wa tamthilia ya zamani, ile iliyowafanya watu waache chakula kipoe mezani. Walirekodi katika chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, na feni ilikuwa marufuku. Alitoka humo amelowa jasho na amepata jina: mtaa mzima ukamwita Jasusi. Hata mumewe, fundi wa friji, alimwita hivyo hasa alipokuwa na shida naye.

Siku moja mume akarudi na habari.

"Jasusi, wamekutengeneza upya."

"Nani?"

"Tamthilia yako. Waigizaji wapya, sauti mpya. Fundi mwenzangu ameiona."

Sauti mpya. Hakuna aliyempigia simu, si kumwalika wala kumwarifu. Jioni hiyo sufuria zilioshwa kwa kishindo. Alipomaliza akaapa kwamba hataitazama ng'o.

"Watakuwa wamejaza milipuko na vinguo vya kubana, basi. Si wangemwacha mwenzao apumzike!"

Mdogo wake hakuwa mtu wa kubembeleza. Jumapili mchana alikuja, akajibwaga kwenye kochi na kuchukua rimoti. Jasusi alikuwa nyuma yake, akipiga pasi sare za kazini.

"Si umeapa huitazami, dada?"

"Siitazami. Napiga pasi."

"Haya, piga."

Hakukuwa na mlipuko. Ulianza muziki ule ule wa zamani, lakini umepunguzwa mwendo, tarumbeta moja tu. Mwanamke mwenye koti la rangi ya haradali akaingia hotelini, sakafu inang'aa, taa za rangi ya asali. Akapanda lifti, akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Koti gani hilo?" Jasusi akang'aka. "Jasusi gani anavaa rangi inayoonekana toka mtaa wa pili?"

"Ndiyo maana hawamshuku. Nani atamshuku mtu aliyependeza hivyo?"

Jasusi akaguna. Pasi ikaenda, ikarudi. Lakini yule mwanamke alikuwa bado hajafungua kinywa, na hilo lilimshangaza. Wa zamani alikuwa msemaji: akiruka ukuta anaeleza, akivunja kasha la chuma anaeleza, hata risasi ikimpata begani anaeleza. Kule kwenye chumba cha magodoro, Jasusi alikuwa akikaukwa na mate. Huyu wa sasa aliketi mkabala na mzee mmoja mwenye siri, akamwacha aongee mpaka akajichanganya mwenyewe. Ndipo akasema taratibu, kwa sauti nzito kidogo, kama ya mtu aliyekosa usingizi:

"Umesahau kunidanganya vizuri."

Jasusi akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Sogea," akamwambia mdogo wake.

Wakatazama pamoja. Watu walipofukuzana kwenye ngazi za kituo cha treni, picha haikutikisika ovyo. Uliona kila hatua, na koti likipepea nyuma ya mwenyewe.

"Huyo binti anayemwingizia sauti hajakuiga hata kidogo," mdogo wake akasema. "Hujaudhika?"

"Angeniiga ndiyo ningeudhika. Sikiliza anavyomalizia neno. Haliburuzi, analiweka tu chini. Mimi nilikuwa napiga kelele."

"Ulikuwa unapendeza."

"Nilikuwa napendeza, na nilikuwa napiga kelele."

Mume akaingia, mikono imejaa grisi. "Kumbe unai—"

"Shemeji, nyamaza!"

Mume akaegemea mlango mpaka mwisho. "Haya, mama, tuambie ukweli. Ni mbaya?"

"Ni nzuri," Jasusi akasema, kisha akacheka. "Wamenikomesha."

Kesho yake alimtafuta fundi sauti wao wa zamani, ambaye alikuwa bado studio, akapata namba ya yule binti. Akamtumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa sauti ya yule jasusi kabla yako. Nimemwona. Umemtendea haki."

Jibu lilimkuta akikata vitunguu. "Shikamoo, mama. Nilitaka kukupigia kabla hatujaanza kurekodi, ujasiri ukanipotea. Tangu imeanza kuonyeshwa najiuliza utasema nini. Leo nitalala."

Aliurudia ujumbe ule, kisha akamwita mume aje asikie.

"Ana adabu," mume akasema.

"Ana sauti," Jasusi akajibu.

Sehemu zilizobaki walizitazama wote watatu, Jumapili kwa Jumapili. Mume alisinzia katikati ya kila moja, akazinduka akiuliza nani kafa, na Jasusi akamweleza bila kukasirika, akirudisha nyuma kidogo pale ambapo yule binti alikuwa amelisema jambo vizuri.