Mizigo Yenu Iko Wapi?

Nilipofika Mkwaja kuanza kazi ya ualimu, Bi Mastura hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Alipoona sanduku la vitabu na godoro lililofungwa kamba, ndipo akaitikia shikamoo yangu na kunionyesha chumba.

Baadaye nilielewa. Nyumba yake ina vyumba vinne vya wageni, na asiye na mzigo hapewi chumba. "Msafiri ana nguo za kubadili," husema. "Asiyekuwa nazo amekuja kuvua tu."

Ukiiita nyumba hiyo gesti, anakasirika. Mimi niliyesoma isimu chuoni nakasirika zaidi yake. Neno hilo limetoka kwenye Kiingereza, "guest", na maana yake ni mgeni, basi. Waingereza nao walilirithi kutoka lugha za kale za Ulaya ya kaskazini, na shina lake la mbali kabisa lilimaanisha mtu wa kuja, usiyemjua. Shina hilohilo lilipoingia Kilatini, likaishia kuwa adui. Sisi tulipokea "guest house", tukaiacha nyumba, tukabaki na mgeni. Kisha tukamfanya nini mgeni huyo? Tukamfanya mzinzi! Mtu akisema, "Nilimwona fulani akitoka gesti," hakuna anayeuliza alikuwa safarini kwenda wapi.

Kwa kulichukia neno, Bi Mastura alimfukuza fundi rangi akiwa ameandika G tu. Herufi hiyo ipo ukutani mpaka leo. Basi kwa kukosa kibao, watu wakaiita gesti bubu, jina la nyumba za mambo ya kificho! Na wanaolitamka kwa kicheko barazani ni wanaume wanaozijua gesti zote za Pangani kwa ndani. Mwanamume aingiaye hapewi jina. Mwanamke atandikaye kitanda ndiye anayepewa. Nimejaribu kulieleza hili kwa upole, nimeshindwa.

Mwezi uliopita uchafu huo ulimfikia Tausi, binti wa Bi Mastura. Yasini, kijana wa Horohoro aliyelala hapa wakati wa kazi ya barabara, alitaka kuleta posa. Shangazi aliyemlea, Bi Semeni, akakataa kwenye simu: "Mtoto wa gesti haolewi kwetu." Tangu siku hiyo Tausi akawa hali chakula.

Alasiri moja nikiwa uani nafua, waliingia mwanamke na mwanamume wa makamo tusiowajua. Mwanamke alikuwa na kipochi tu mkononi.

"Hodi. Tunataka chumba."

"Karibuni," alisema Bi Mastura. "Mizigo yenu iko wapi?"

"Hatuna. Ni usiku mmoja tu."

"Basi nyumba imejaa."

"Imejaa vipi, na milango yote iko wazi?"

"Imejaa heshima, mama. Nendeni salama."

"Wee! Huyu ni mume wangu, miaka thelathini sasa!"

"Wote husema hivyo. Na wewe baba, mvi zote hizo, huoni haya?"

Yule mwanamume alicheka mpaka akashika ukuta. "Bi Semeni wa Horohoro! Leo umefumaniwa na mumeo mwenyewe!"

Tausi, aliyekuwa jikoni, aliangusha sufuria. Mumewe Bi Semeni, Mzee Mwinyijuma, ndiye aliyetueleza: begi lao la nguo waliliacha makusudi kwa muuza chipsi stendi, ili mkewe aone kama hapa hupokelewa kila mtu.

"Sasa umeona," alisema Bi Mastura, hajaondoka mlangoni. "Kalifuateni begi, ndipo mrudi."

Hawakurudi. Bi Semeni aliondoka amevimba, wakalala kwa jamaa, alfajiri wakaenda zao. Tausi alilia siku nzima. Mimi nilitaka kumfuata mama yule nimweleze neno "gesti" tangu shina lake, Bi Mastura akanizuia. "Mwalimu, mwache. Ameliona kwa macho."

Jana Mzee Mwinyijuma alipiga simu. Wanaleta posa kesho. "Semeni amefungasha masanduku matatu," alisema, "asije akafukuzwa tena."

Vyumba vyote vinne vimetandikwa. Tausi amekula, na kila gari likinguruma anachungulia. Mimi nasubiri jambo moja tu: kesho, akishabisha hodi, Bi Semeni ataiita nyumba hii jina gani.