Ionje Kwanza

Juzi, nikiwa kwenye foleni katika duka la dawa pale Kibiti, mama mmoja wa kijiji cha Mbuchi, mtoto mgongoni anachemka kwa homa, alimrudishia muuzaji chupa ya dawa ya maji.

"Ionje kwanza, baba. Kwetu anayekupa maji huyaonja mbele yako, kutoa sumu."

Muuzaji akacheka. "Imeshakaguliwa, mama. Kiwanda kimekodi kampuni ya kukagua ubora."

"Hao ndio walioionja?"

"Wao husoma majibu ya maabara."

"Maabara ya kiwanda?"

"Hapana. Nayo ya kukodi."

Mama akamsogezea chupa. Muuzaji akaitazama, akafuta viganja kwenye koti lake jeupe, asiifungue. Mama akaichukua hivyo hivyo, angefanyaje?

Kukagua, wenye kiwanda wamewapa wengine; kuogopa wametuachia sisi. Nyumbani kwangu, mwanangu alishakunywa nusu ya chupa kama ile.